Tazama mgongo wa kompyuta kabla ya kwenda kununua waya wa skrini ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo linalowapotezea wasomaji wako pesa bure. Mtu ana kompyuta nyumbani, amepata monita ya pili, ya kununua au ya kupewa, na anataka kuzitumia zote mbili kwa pamoja. Anakwenda dukani anasema “nipe waya wa HDMI”. Akifika nyumbani waya hauingii. Anarudi, anapewa konveta, yaani kifaa cha kugeuza tundu la aina moja lipokee la aina nyingine. Inaingia, lakini picha haiji. Safari ya tatu anaambiwa kompyuta yake imezeeka, anunue kadi ya picha (kipande cha ndani kinachotoa picha) au mashine mpya. Mara nyingi hilo si kweli. Kompyuta ile ile ilikuwa na uwezo wa kuendesha skrini mbili tangu ilipotoka kiwandani. Kilichokosewa ni waya.

Faida yake wanaijua wanaofanya kazi za kulinganisha: mhasibu mwenye stakabadhi upande mmoja na hesabu upande wa pili, mtafsiri, mwanafunzi anayefuata somo la video huku akiandika. Sitatumia nafasi ya gazeti kuisifu. Nitaeleza inavyofungwa, na pale inapokwamia.

Kazi inaanzia nyuma ya kompyuta. Geuza lile kasha ambalo wengi wetu tunaliita CPU, utazame matundu ya picha. VGA ni pana, mara nyingi la bluu, lina vitundu 15 katika safu tatu na mahali pa skrubu kila upande. DVI ni kubwa zaidi, mara nyingi jeupe, nalo lina skrubu. HDMI halina skrubu. Upana wake ni kama milimita 14, na pembe zake mbili za chini zimebonyea ndani. DisplayPort linafanana nalo sana, lina kama milimita 16, lakini limekatwa kona moja tu. Hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa sababu kompyuta zilizo nyingi majumbani mwetu ni zile zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani kisha zikauzwa upya Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi na kwingineko, na nyingi kati ya hizo hazina HDMI kabisa. Dell OptiPlex 7010 na 9010 za mwaka 2012 zina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. HP EliteDesk 800 G1 iko vivyo hivyo. Kwenye laptopu, HP EliteBook 840 G1 na G2 zina VGA na DisplayPort kubwa, na Lenovo ThinkPad T440 na T450 zina VGA na DisplayPort ndogo. Mwenye mashine kama hizi akinunua waya wa HDMI amenunua kitu kisicho na pa kuingia, na asilazimishe, maana pini za ndani zikipinda, kutengeneza kwake ni kazi ya kuchomelea kwenye bodi.

Kisha tazama nyuma ya monita kwa namna hiyo hiyo, uandike kwenye karatasi: kompyuta ina hiki, monita ina hiki. Tundu la aina moja likiwapo pande zote mbili, nunua waya wa moja kwa moja wa aina hiyo, usiguse konveta. Kama una hiari, chagua DisplayPort kwa DisplayPort. Vichwa vingi vya waya huo vina ndoano mbili ndogo, kwa hiyo unapouchomoa bonyeza kwanza kile kitufe cha juu. Anayeuvuta kwa nguvu hung'oa tundu.

Jambo la pili la kujua kabla ya kutoa pesa ni kompyuta yako inatoa picha ngapi kwa wakati mmoja. Kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel zenye namba ya tarakimu nne, tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-2400 ni kizazi cha pili, i5-3470 ni kizazi cha tatu. Sehemu ya picha iliyomo ndani ya kizazi cha pili inaendesha skrini mbili, ya kizazi cha tatu inaweza kufika tatu. Kwa laptopu, kioo chake chenyewe kinahesabiwa. Kwa hiyo hata mashine ya mwaka 2011 au 2012 inatosha kwa skrini mbili za kazi za ofisi bila kadi yoyote. Sehemu hiyo ya picha huazima sehemu ya RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kama una GB 4 tu utaona uzito, na pesa uliyokuwa ununue kadi ingefanya kazi nzuri zaidi ikiongeza RAM, iwe vipande viwili vya ukubwa sawa badala ya kimoja.

Kama CPU ina kadi ya picha tayari, nyaya zote mbili ziende kwenye matundu ya kadi, yale yaliyo kwenye vibati vya chini, mbali na matundu ya kibodi. Ukichomeka mmoja kwenye kadi na mwingine kwenye bodi kuu, kompyuta nyingi huizima picha ya bodi mara ziionapo kadi. Ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, mara nyingi pana mahali pa kuiwasha, pameandikwa “iGPU Multi-Monitor” au maneno ya karibu na hayo. Lakini prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kwa mfano i5-10400F, haina sehemu ya picha kabisa, hata uchomeke wapi kwenye bodi.

Sasa konveta, na hapa naomba wenye maduka nao wasome kwa makini. Konveta nyingi ni kama valvu ya maji: hupitisha upande mmoja tu. Konveta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni rahisi, kwa sababu tundu la DisplayPort la kompyuta nyingi linajua lenyewe kutoa mawimbi ya HDMI. Utaliona lina alama ya herufi D na P zenye alama mbili za kujumlisha. Konveta hapo inafanya kazi ndogo tu ya kurekebisha volti na mpangilio wa pini. Ukiigeuza, kompyuta ikawa na HDMI na monita ikawa na DisplayPort, haitafanya kazi kamwe, maana tundu la HDMI halijui lugha ya DisplayPort. Hapo inatakiwa konveta yenye chipu ya kutafsiri, na kwa kawaida ina mkia wa USB wa kuipa umeme. Kwa macho vichwa ni vile vile, ndiyo maana watu hununua waya wenye HDMI huku na DisplayPort kule bila kujua umetengenezwa kwenda upande gani.

VGA ina mambo yake. Hupeleka picha kwa mawimbi ya analogia, na HDMI na DisplayPort ni za dijitali, kwa hiyo katikati lazima pawe na chipu, uende upande wowote. Zile nyaya nyembamba zenye kichwa cha HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, bila kisanduku chochote, mara nyingi hazina kitu ndani zaidi ya shaba, na haziwezi kutoa picha kwenye monita ya kawaida. Konveta nzuri ya HDMI kwenda VGA huwa na kijitundu cha kuongezea umeme kwa USB. Kitumie. Pini ya umeme ya tundu la HDMI inatoa volti 5 kwa mkondo mdogo sana, na konveta ikila zaidi ya hapo picha huja na kupotea, hasa kwenye laptopu. VGA pia haibebi sauti. Kama konveta ina tundu la spika, la milimita 3.5, sauti itoke hapo.

DVI na HDMI ni ndugu: waya wa kawaida unazipatanisha pande zote mbili bila chipu, ila usitegemee sauti. Lakini kwenda VGA tazama ule mdomo bapa wa DVI. Ukiwa na vitundu vinne umeuzunguka, tundu hilo lina analogia na kichwa cha bei ndogo kinatosha. Visipokuwapo, kichwa hicho hakitatoa kitu.

Kwa wenye maduka nina ombi. Andikeni kwa kalamu juu ya kila pakiti: “kompyuta upande huu, monita upande huu”. Wekeni monita moja na CPU moja kaunta ili mteja ajaribiwe konveta kabla hajalipa. Anayeuza redio huiwasha mbele ya mnunuzi. Kwa nini konveta iuzwe ikiwa imefungwa, na ikishafunguliwa isirudishwe?

Kifaa kingine kinachowaumiza watu ni splita ya HDMI. Splita huchukua picha moja ikaigawa kwenye skrini mbili, picha ile ile. Inafaa kwa banda umiza lenye televisheni mbili za mpira. Haiwezi kukupa skrini mbili zenye kazi tofauti, hata ubadilishe mpangilio gani, kwa sababu kompyuta inaona skrini moja. Kifaa kinachofanana nayo kwa sura lakini chenye kazi tofauti ni habu ya MST, inayochomekwa kwenye DisplayPort ya toleo la 1.2 au zaidi. Windows huona kila monita peke yake. Kompyuta za Apple hazitumii MST kupanua eneo la kazi, kwa hiyo mwenye MacBook habu hiyo itampa picha moja iliyorudufiwa.

Laptopu mpya nyingi zimebaki na matundu ya USB-C, na hilo nalo lina mtego. Si kila USB-C inatoa picha. Lenye alama ya umeme wa radi ni Thunderbolt na linatoa picha. Lenye ile alama ya D na P linatoa pia. Lisilo na alama, tafuta maelezo ya modeli yako kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua adapta. Likiwa ni la data na chaji tu, njia iliyobaki ni adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink, ambayo huhitaji programu yake isakinishwe, na hufaa maandishi na majedwali kuliko video na michezo. Naishauri kama njia ya mwisho. MacBook Air za chipu za M1 na M2 zina mpaka wa skrini moja ya nje bila adapta ya namna hiyo. Mwenye nayo asinunue monita mbili kabla ya kulijua hilo.

Ukinunua monita iliyotumika, fanya hesabu ya pikseli, zile nukta zinazounda picha, badala ya kutazama inchi peke yake. Monita ya inchi 22 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli kama 100 kwa kila inchi, ya inchi 24 ina 92, ya inchi 27 yenye pikseli hizo hizo ina 82 tu. Kwa kazi ya kusoma herufi siku nzima naipendelea inchi 22 au 24 kuliko hiyo ya 27. Zile za mraba za inchi 19 zenye 1280 kwa 1024 zina 86, na bado zinafaa sana kuwekwa pembeni kwa barua pepe au kurasa za PDF.

Dukani iwashe na iachwe iwake dakika 20. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, ukitafuta vidoa visivyobadilika. Monita za zamani zina mirija ya taa nyuma ya kioo. Ikiwaka sekunde mbili kisha ikawa giza huku taa ya kitufe ikibaki, ni inveta (sehemu inayoipa mirija umeme) au kapasita zake zimechoka. Picha ikianza na wekundu na kukawia kung'aa, mirija yenyewe inakwisha. Zenye taa za LED hazina mirija hiyo na hula umeme kidogo, wati 20 hadi 25 kwa inchi 24, wakati zile za mirija hufika 40. Geuza uangalie kama kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100, au 75 kwa 75. Yakiwapo, utaweza kuifunga ukutani kwa skrubu za M4 hata kama mguu wake umepotea.

Televisheni inaweza kuwa skrini ya pili, ila ijue. Nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, yaani zisizofika 50 kwa inchi, na maandishi yataonekana kama ya bango. Kingo za picha zikikatwa na upau wa chini wa Windows ukafichika, si kosa la kompyuta. Televisheni inaikuza picha kama inavyofanya kwa matangazo. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha chagua “Just Scan”, “Screen Fit” au “1:1”, kila kampuni ina neno lake, na ukiona tundu limeandikwa PC chomeka hapo.

Kabla ya kuchomeka waya wa picha, nieleze habari ya umeme, kwa sababu ndiyo inayoua matundu ya HDMI katika nyumba zetu. Kasha la kompyuta linatakiwa liungwe na waya wa ardhi. Ukitumia plagi ya pini mbili, au ekstensheni isiyo na ardhi, chuma cha kasha huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani kupitia kichujio cha pawa saplai. Ule msisimko mdogo unaousikia ukigusa nyuma ya CPU ni huo. Mkondo ni mdogo, lakini unapochomeka HDMI huku vifaa vyote viwili vimewaka, unaweza kupita kwenye pini za data na kuunguza chipu. Kwa hiyo zima vyote, chomoa plagi ukutani, unganisha waya wa picha kwanza, kaza skrubu kama ni VGA au DVI, kisha plagi zote mbili ziingie kwenye ekstensheni moja ya pini tatu, yenye ardhi ya kweli. Kama una UPS (betri ya akiba ya kompyuta), ile ya VA 650 kwa kawaida ina wati 360 hadi 390; monita mbili za LED na CPU ya ofisi zinakaa humo vizuri, usiongeze printa ya leza.

Washa monita, kwa vitufe vyake chagua tundu ulilotumia kwenye menyu iliyoandikwa “Input” au “Source”, ndipo uwashe kompyuta. Ikishafunguka, shika kitufe chenye nembo ya Windows ubonyeze P. Yatatokea machaguo manne. La kwanza ni skrini ya kompyuta peke yake, la pili ni picha ile ile kote, la tatu, “Extend”, ndilo unalolitaka, la nne ni ya pili peke yake. Kisha bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua “Display settings”. Utaona visanduku vyenye namba 1 na 2. Bonyeza “Identify”, namba itokee kubwa kwenye kila skrini, halafu buruta visanduku vikae kama monita zilivyo mezani: ya kushoto kushoto, iliyo juu kidogo iwe juu kidogo. Anayeruka hatua hii ndiye analalamika kuwa kishale kinagonga ukuta upande mmoja na kutokea upande mwingine. Bonyeza “Apply”. Chagua skrini unayoitazama zaidi, uweke alama kwenye “Make this my main display”.

Kwa kila skrini weka idadi ya pikseli iliyoandikwa “Recommended”. Herufi zikiwa ndogo usipunguze pikseli, ongeza asilimia ya ukubwa iliyo kwenye “Scale”. Kioo cha laptopu cha inchi 14 chenye 1920 kwa 1080 kina pikseli 157 kwa inchi, kwa hiyo kipe asilimia 150 na monita ya inchi 24 ibaki 100. Programu za zamani zinaweza kuonekana na ukungu zikihamishwa kati ya skrini hizo. Zifunge uzifungue upya kwenye skrini unayozitumia. Kuhamisha dirisha bila kipanya, shika kitufe cha Windows na Shift pamoja, bonyeza mshale wa kushoto au kulia. Njia hiyo pia hurudisha dirisha lililobaki kwenye skrini uliyoichomoa. Mwenye Ubuntu atapata mambo haya haya kwenye “Settings” kisha “Displays”, kwa kuchagua “Join”.

Mwenye laptopu anayependa kuifunga kifuniko na kutumia monita peke yake aende kwenye mipangilio ya umeme, mahali pa “closing the lid”, aweke “Do nothing” kwa upande wa kuchaji tu. Akiweka kwa upande wa betri pia, siku moja ataitia laptopu begini ikiwa inawaka, itachemka.

Picha isipokuja, fuata mpangilio huu. Thibitisha chaguo la tundu kwenye monita. Badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Kama ni DisplayPort, chomoa umeme wa monita dakika moja nzima uurudishe. Pana nyaya mbovu za DisplayPort ambazo pini ya 20, ya umeme, imeunganishwa pande zote mbili wakati haitakiwi; hizo zinaweza kuizuia kompyuta hata kuwaka, na dawa yake ni kuutupa waya. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili programu ya picha ianze upya. Bado? Fungua “Device Manager”, tazama chini ya “Display adapters”. Ukikuta “Microsoft Basic Display Adapter”, draiva ya picha (programu inayoendesha sehemu ya picha) haipo, jambo la kawaida kwenye kompyuta iliyotoka kuwekwa Windows upya, na katika hali hiyo skrini ya pili haitaonekana hata waya uwe wa dhahabu. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa modeli yake kamili.

Picha ikija lakini haivuki 1024 kwa 768 kwa waya wa VGA, hesabu pini za waya. Monita huitambulisha aina yake kwa kompyuta kupitia pini ya 12 na ya 15, na nyaya za bei ya chini kabisa huziacha hizo. Rangi yote ikiegemea manjano au zambarau, pini ya 1, 2 au 3 imepinda au skrubu imelegea. Ndizo zinazobeba nyekundu, kijani na bluu. Herufi zikiwa na kivuli, waya ni mrefu mno au hauna kinga; kwa VGA usivuke mita 2, na bonyeza kitufe cha “Auto” cha monita. Skrini ikizimika sekunde moja na kurudi kila mara, waya wa HDMI haumudu. Nunua mfupi zaidi au shusha Hz, yaani mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde, kwenye “Advanced display”. Mwenye monita ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) akiona kishale kinaburuta miguu, atazame hapo hapo: HDMI ya toleo la 1.4 inapeleka 4K kwa Hz 30 tu. Weusi ukiwa wa kijivujivu kwa HDMI, badilisha “Quantization range” iwe “Full” kwenye programu ya picha. Na sauti ikipotea ghafla kwenye spika, imehamia kwenye monita kupitia HDMI; bofya alama ya spika, irudishe.

Mezani, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooka. Ya kazi kuu ikae mbele yako kabisa, ya pili ipinde pembeni. Dirisha lenye jua lisiwe nyuma ya skrini wala nyuma yako.

Mhariri, mkiichapa barua hii naomba kitu kimoja. Wekeni pembeni yake mchoro wa matundu sita: VGA, DVI, HDMI, DisplayPort kubwa, DisplayPort ndogo na USB-C, kwa ukubwa wake halisi, HDMI ikipimwa milimita 14, DisplayPort 16 na USB-C 8. Msomaji aukate kwa mkasi, aulinganishe na mgongo wa kompyuta yake, atie alama kwa kalamu, na aende nao dukani.

Wako,
Fundi kompyuta,
Dar es Salaam